Meya Aliyezikwa Asubuhi

Haipiti wiki bila kijana kuniandikia: "Mzee Mwadime, ninunue maiki gani?" Nunua unayoiweza. Maiki haisikii. Maiki inapokea tu, kama gunia linavyopokea mahindi na mawe pamoja. Anayesikia ni wewe, na masikio ya kusikia hayauzwi dukani, hata soko la Batha kule Riyadh, ambako nimeona kila kitu kikiuzwa, mpaka meno.

Mimi nilikwenda Riyadh kuendesha gari. Ikama yangu, kibali cha kuishi kule, iliandikwa dereva siku ya kwanza, na ikabaki dereva mpaka siku niliyoirudisha nikapanda ndege kurudi Taita, ingawa kwa miaka ishirini na miwili kazi yangu ilikuwa kuvaa hedifoni na kuwaomba watu wanyamaze. Kafili wangu, yaani tajiri aliyenidhamini, alikuwa na kampuni ndogo ya kupiga picha za video: arusi upande wa wanaume, matangazo ya mazulia, maghala ya Al-Sulay ambayo wenyewe walitaka yaonekane makubwa kuliko yalivyo. Siku moja fundi wa sauti hakutokea. Bosi alinitazama nilivyoegemea gari, akasema, "Wewe, una masikio mawili?"

"Ninayo, bosi."

"Yalla, twende."

Chuo changu kilikuwa hicho.

Aliyenisomesha hasa ni Ustadh Bashiri, Msudani mrefu, mhariri wa kampuni, mtu aliyevua viatu kabla ya kurekodi ili nyayo zake zisimharibie kazi. Alinipeleka kwenye ghala tupu huko Al-Sulay, akanivalisha hedifoni, akaniacha nusu saa. Aliporudi aliuliza, "Umesikia nini?"

"Hakuna kitu, Ustadh."

"Kaa tena."

Mara ya tatu nilimwambia nimesikia ndege ndani ya paa, bati likitanuka kwa jua, lori la mbali likibadilisha gia, na tumbo langu mwenyewe. Akacheka, akanipa ndizi. "Sasa umefika kazini," alisema.

Kutoka kwake nilijifunza kwamba jokofu ni adui. Linanguruma chini ya maneno ya watu nawe husikii mpaka umerudi ofisini, umechelewa. Basi lizime, lakini kabla ya kulizima weka ndani yake kitu ambacho huwezi kuondoka bila hicho, usije ukasahau kuliwasha tena. Mimi niliweka kiatu kimoja. Mara moja tu nilijiona fundi, nikasema nitakumbuka. Siku ya pili wenye nyumba walipiga simu kwa bosi: nyama ya ngamia ya karamu nzima ilikuwa imeoza. Kwa mwezi mzima Ustadh Bashiri hakuniita jina. Aliniita Ngamia.

Na arusini, mkiweka maiki kifuani mwa mtu, jueni mmeingia moyoni mwake bila kubisha hodi. Niliwahi kumwekea mjomba wa bwana arusi, aliyetakiwa kusoma dua, nikasahau kuizima maiki alipokwenda kukaa. Ukumbi wenye wanaume mia nne ukamsikia akimnong'oneza mwenzake: "Wali huu umepikwa na mtu anayetuchukia." Baba wa bibi arusi ndiye aliyekuwa ameleta wapishi. Tuliondoka kabla ya kahawa.

Lakini kanuni ya Ustadh Bashiri iliyokuwa juu ya zote ilihusu adhana. "Adhana haikatwi," aliniambia. "Ukiirekodi pamoja na maneno ya mtu, siku ya kuhariri utaikata katikati, na hilo silifanyi, na wewe hutalifanya kwenye meza yangu. Ikianza, zima mashine, weka mikono mapajani." Mimi ni Mkristo, mwana wa mzee wa kanisa, lakini kanuni ile niliitii mpaka kidole kikawa na akili yake. Mwadhini akivuta pumzi tu, kidole kimeshazima. Kwenye simu nilikuwa na saa za sala zote, si kwa kusali bali kwa kupanga kazi. Nilijua siku ya Riyadh kama mwashi anavyojua kamba yake.

Shikeni hapo, maana ndipo nilipoanguka.

Mwaka wangu wa mwisho, binti mmoja wa Nairobi aitwaye Naomi alinipigia simu. Alikuwa akitengeneza filamu ya maisha ya Meya Ansheli. Vijana wengi hammjui. Alikuwa Myahudi, aliyeletwa Kenya na wazazi wake akiwa mtoto, wakikimbia Ulaya ambako ndugu zao waliuawa. Akakulia katika mji wa baridi wa nyanda za juu, akasema Kiswahili cha sokoni na Kikuyu cha matusi, na baada ya uhuru watu wa mji ule wakamchagua kuwa meya, mara tatu. Walimpenda kwa sababu alileta mifereji ya maji sokoni, na kwa sababu alikaa na akina mama wa mboga akila mahindi ya kuchemsha huku wakimtukana kuhusu mitaro. Mkufu wa umeya aliuvaa siku moja tu, akasema unamwasha shingo.

"Filamu ninayo, Mzee," Naomi aliniambia. "Nina picha zake, nina wapinzani wake, nina hata kinyozi wake. Sina kifo chake."

"Alikufaje?"

"Kwa uzee. Tatizo ni mazishi."

Meya alifariki mchana, na kesho yake asubuhi akawa ameshazikwa. Katika nchi ambayo kiongozi hukaa mochari wiki mbili akisubiri mahema, kwaya na mawaziri, yeye alizikwa kabla chai haijapoa. Watu walifika adhuhuri wamebeba maua, wakakuta udongo. Diwani mmoja alikuwa ameandika hotuba ya kurasa kumi na moja. Ikabaki mfukoni, ikamchacha, naye akatafuta wa kumlaumu. Akampata mpishi wa meya, mwanamke aitwaye Selina, aliyewafungulia wachimba kaburi lango alfajiri. Kwa nini haraka hiyo? Alimlisha nini? Anaficha nini? Mama mmoja wa soko alitema mate mbele ya miguu yake. Selina hakujibu. Aliishi mji ule miaka kumi na mitano zaidi bila mtu kununua hata yai kwake, akafa, akazikwa na watu sita.

Alikuwa na binti mmoja, Tabitha, aliyekulia katika nyumba ya meya na alikuwa na miaka kumi na saba siku ile. Sasa alikuwa Riyadh, mfanyakazi wa ndani. Naomi alitaka nimrekodi akieleza ukweli, ili jina la mama yake lisafishwe mbele ya mji. Picha hakuhitaji. Sauti tu.

Nilimpata. Nilimsubiri mbele ya duka alikotumwa mkate, nikamfungulia mlango wa gari, maana gari lililozimwa injini, madirisha juu, ni studio ya maskini. Liwekeni akilini hilo. Tabitha aliingia, mwanamke mpana wa miaka arobaini na kitu, akatazama maiki, akatazama viti vyangu vilivyochanika.

"Hapa?"

"Hapa panafaa sana kwa sauti, mwanangu."

"Mzee, mama yangu alitukanwa sokoni, mchana, watu wote wakisikia. Sitamsafisha jina nimejificha kwenye gari kama mwizi wa betri. Nitafutie mahali pa kukaa nyumbani kwa watu, na mwenye nyumba ajue ninasema nini."

"Madam wako atakubali vipi? Utamwambia filamu ni ya nani?"

"Nitamwambia ni ya nani."

Nilitikisa kichwa. Nilimwambia aseme tu ni meya mmoja wa Kenya, halas, basi, hayo ya Uyahudi aache. Alinitazama kama anayetazama wali ulioungua. "Hivyo ndivyo mama yangu alivyopotea, Mzee. Kila mtu alisema nusu."

Wiki tatu kimya. Kisha akanitumia ujumbe: familia imehamia Jeddah kwa likizo ya shule, madam amekubali, ana saa moja, nije. Jinsi madam alivyokubali, Tabitha alinieleza baadaye. Mwaka ule baba yake madam alikuwa amefariki Riyadh. Alikata roho alfajiri na kufikia alasiri alikuwa kaburini. Siku tatu za tanzia Tabitha alikuwa akipika kahawa jikoni na kulia, mpaka madam akamuuliza kwa nini analia kuliko wenye msiba. Alishindwa kueleza. Sasa alipokwenda kuomba ruhusa, alimwambia madam kila kitu: mzee alikuwa Myahudi, alikuwa kiongozi wetu, mama yangu alimzika kesho yake kwa sababu ndivyo alivyotaka, na watu walimtemea mate.

Madam aliweka kikombe chake chini. Halafu akauliza jambo moja: "Mama yako alimwosha?"

"Walikuja wazee wawili wa dini yake kutoka Nairobi, madam. Wakamwosha, wakamvika sanda nyeupe. Mama ndiye aliyewaita."

"Basi mama yako alifanya lililotakiwa. Mwite mtu wako."

Nilipanda basi Batha, nikafika Jeddah nimepinda kama kulabu, nikapata malazi kwa kijana wa kwetu huko Al-Hindawiyah. Saa nilichagua mwenyewe. Nilitazama simu: alasiri saa tisa na dakika ishirini. Nikamwambia Tabitha, tuanze saa tisa na nusu, adhana itakuwa imepita, tutakuwa na saa nzima iliyo safi.

Mnaona? Saa za sala kwenye simu yangu zilikuwa za Riyadh. Na Jeddah iko magharibi. Jua linachelewa kufika huko karibu nusu saa. Mlinzi mgeni aliyeshuka juzi angeuliza. Mimi, fundi wa miaka ishirini na miwili, sikuuliza.

Tulikaa majlisi, sebule ya wageni, Tabitha kwenye mto, mimi sakafuni, madam na mama yake mzazi upande wa pili na birika la chai. Nilizima kiyoyozi. Jasho likaanza kutafuta njia mgongoni. Nilisikiliza chumba: kizuri, mazulia mazito, mapazia mazito, kama kuongea ndani ya mkate. Tukaanza.

Kama mngemsikia! Alisema jinsi meya alivyopofuka mwishoni, na jinsi yeye Tabitha alivyomsomea gazeti kila asubuhi, naye akibishana na gazeti. Alisema jinsi kila Ijumaa jioni mzee alivyowasha mishumaa miwili, na Selina akizima redio bila kuambiwa. Alisema siku moja mzee aliwaita wote wawili, mama na binti, akawaambia: nikifa, msiniache nilale juu ya ardhi nikisubiri hotuba. Kesho yake niwe chini. Sanda, sanduku la mbao tupu, basi. Akawapa namba ya simu ya wazee wa Nairobi, na Selina akaificha ndani ya kopo la majani ya chai. Alisema siku mzee alipokufa, mama yake alifunika vioo vyote vya nyumba kwa leso zake mwenyewe, kwa sababu meya aliwahi kumwambia wao hufanya hivyo, na leso hazikutosha, akavua aliyojifunga.

Masimulizi yake yakafika langoni. Watu wameshajaa. Diwani anauliza kwa sauti: nani aliamuru hivi? Mama wa soko anatema mate. Selina amesimama, mikono ndani ya aproni. "Na mimi," Tabitha akasema, "mimi nilikuwa wapi?"

Adhana ikaanza.

Kidole changu kikazima.

Tabitha hakunyamaza. Alikuwa amefumba macho. Nadhani hakusikia kitu. Katika hedifoni, maana kinachozimwa ni kurekodi tu, sauti bado inakuja, nilimsikia juu ya mwadhini akisema lile alilokuwa hajamwambia binadamu. Kwamba alikuwa pale, ndani ya kundi. Kwamba diwani alimgeukia akamuuliza, "Wewe binti, mzee alisema azikwe hivi?" Na yeye aliyekuwa amesikia kwa masikio yake, aliyekuwa amefundishwa namba ile kwa moyo, alitazama mate kwenye kiatu cha mama yake, akaona haya, akasema, "Sijui." Selina alimtazama mara moja, akaingia ndani. Hawakulizungumza tena mpaka mama akafa.

Ningeweza kuwasha. Ni kubonyeza tu. Nimejiuliza mara nyingi. Mkono wangu ulikataa. Nusu ni utiifu, nusu ni kwamba nilikuwa nalia, na fundi anayelia ni abiria tu.

Adhana ikaisha. Madam na mama yake waliinuka kwenda kusali. Tabitha akafumbua macho, akapangusa uso kwa ushungi. "Nimemaliza, Mzee. Ah. Nimemaliza."

Vijana, kuna uongo ambao kazi yetu inaurahisisha sana. Ningesema asante, ningefunga mkoba, ningemwambia Naomi kuwa mama wa watu amesema hayo tu. Nani angejua? Sehemu ya kwanza ilitosha kumsafisha Selina. Niliwaza hivyo kwa muda wa pumzi tatu, naona haya kuwaambia ni tatu.

"Mwanangu," nikasema, "mashine ilikuwa imezimwa."

"Tangu lini?"

"Tangu adhana. Nimekosea saa. Ni kosa langu peke yangu."

Alinitazama. Nilingoja matusi, na nilistahili. Akaanza kucheka, kicheko kibaya, cha kukwaruza. "Miaka yote hii! Natoa siku moja, natoa kwa Mzee Mwadime wa saa ya Riyadh."

"Unaweza kulisema tena?"

"Siwezi."

"Jina la mama yako lina ya kutosha kwenye mashine. Wazee wa Nairobi, leso, kopo la chai, yote yamo."

"Jina la mama ndiyo," alisema. "Lakini wataniona mimi binti mwema aliyekuja kumtetea. Nitakuwa nimesema nusu."

Madam alirudi kutoka kusali, akatukuta tumekaa kama wafiwa. "Halas?" aliuliza. Nikamweleza kwa Kiarabu changu cha garini kwamba nimekosea saa, na neno kubwa limepotea. Akamgeukia Tabitha. "Neno gani?"

Ustadh Bashiri angejivunia kidole changu safari hiyo. Kiliwasha chenyewe.

Kiarabu cha Tabitha kilikuwa cha jikoni. Kilikuwa na sufuria, pasi, watoto, harakisha, na mafi, yaani hakuna. Hakuwa na maneno ya kupamba wala ya kujificha nyuma yake. Alimtazama madam akasema, "Watu uliza mimi: mzee kweli sema? Ana maluum. Ana mafi kalam." Mimi nilijua. Mimi sikusema. Akarudia, akijipiga kifuani kwa vidole viwili, taratibu, "Ana maluum. Ana mafi kalam. Mama maskini."

  Madam alimimina chai, akaiweka mbele ya Tabitha, yeye mwenyewe kwa mkono wake, akaketi kwenye zulia, chini, mahali Tabitha huketi. Kisha akauliza, "Mwenye kutema mate yuko hai?"

"Yuko hai, madam."

"Basi asikie."

Nilimtumia Naomi vyote. Alinipigia akinong'ona. Aliuliza kama tumtafute Tabitha ili atafsiri neno lile vizuri kwa Kiswahili. Nikamwambia hapana, andika Kiswahili chini ya skrini, sauti iache ilivyo. Siku hizi mna programu ya kufuta mikwaruzo yote, na mimi siipingi, imewaponya wengi. Ila jifunzeni kuiacha imelala.

Filamu ilionyeshwa mwaka huu katika ukumbi wa mji ule wa baridi. Nilikuwa nimeshastaafu, nikaenda na koti zito. Tabitha alikuwa likizo. Alikaa safu ya nyuma karibu na mlango, amevua viatu vipya vilivyombana. Watu walimcheka meya akibishana na gazeti, wakamlilia. Mishumaa, leso, kopo. Kisha sauti ile ya jikoni ikajaa ukumbini, na Kiswahili chake chini: Mimi nilijua. Mimi sikusema.

Taa zikawashwa. Bibi mmoja mdogo, aliyekunjamana kama tini, aliinuka safu ya mbele akishikilia kiti. Akageuka akatafuta nyuso.

"Yule msichana yuko hapa?"

Tabitha akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Mimi ndiye niliyetema," bibi alisema. "Kaburi la Selina liko wapi?"

Tabitha aliinama chini ya kiti, akahangaika na viatu, akashindwa, akaviacha. Akatembea na soksi mpaka mbele, akamshika bibi mkono.

"Twende, nyanya," alisema. "Si mbali."